Kikombe cha Barafuni

Niliwaacha sokoni, ndugu wasomaji, nimesimama mbele ya meza ya Bienaimé, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Mezani kulikuwa na karanga. Karanga zilikuwa ndani ya kikombe cheusi chenye mashikio mawili, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Tumboni mwa kikombe alikuwepo mtu wa chuma aliyeinama, ameshika fimbo iliyopinda.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, nasema kwa kifupi. Mimi ni Radjabu wa Buyenzi, Bujumbura. Vita vilinitoa kwetu na kunipotezea mdogo wangu Sultani njiani. Hadi leo sijui kaburi lake, wala kama analo. Hapa Brussels nilibeba mizigo mpaka mgongo ukakataa, nikafukuzwa, nikalala kwa watu. Mwisho nikapata kazi ya kumtunza mzee Gustave Vandeput, huko Koekelberg. Namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani. Kwa kazi hiyo nikapewa vyumba vya chini ya nyumba yake, na humo ndimo walimonikuta mke wangu Rukiya na binti yetu Aïcha, walipotoka kambini Kigoma mwanzoni mwa baridi ya tisini na sita.

Mzee alikuwa anakufa, na alikuwa na haja moja tu.

Ujanani alicheza hoki ya barafu pamoja na kaka yake Lambert. Mchezo huo mimi sikuwahi kuuona. Aliniambia watu huvaa viatu vyenye visu chini yake, wakakimbizana juu ya maji yaliyoganda, wakigombea kidude cheusi cha mpira kwa fimbo. Timu yao ilichukua ubingwa, ikapewa kikombe. Siku ile ile Lambert akachomoa pini ya tai yake, akachora jina lake kwenye fedha ya kikombe, chini ya shikio la kushoto. Gustave akachora la kwake chini ya lile la kaka yake.

Kisha vita vya Wajerumani vikaja. Lambert alichukuliwa, hakurudi. Nyumba iliungua pamoja na barua na picha, na kikombe kikapotea kwa waporaji. Mwandiko wa Lambert haukubaki popote duniani ila chini ya shikio lile.

"Nikikigusa nitakuwa nimemgusa," mzee aliniambia. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Alikuwa amebaki na vidole.

Basi mimi, mtu ambaye sijui ndugu yangu amelala wapi, nilimwelewa kuliko binti yake alivyomwelewa.

Tena sasa kikombe hicho kiko mbele yangu, na mtu anatafuna karanga zake.

Bienaimé ni mtu wa Bukavu. Kazi yake ni kutoa vitu katika nyumba za waliokufa. Warithi huchukua wanachokitaka, yeye hubeba kilichobaki, akakiuza pale uwanja wa Jeu de Balle. Kikombe alikikuta darini, ndani ya ndoo ya makaa ya mawe. Hakukitandaza kukiuza. Alikitilia karanga za kuwakaribishia wateja, na watu wakazoea.

Nikamwomba ruhusa, nikazimwaga karanga kwenye gazeti. Nikakigeuza kikombe, nikakielekeza kwenye mwanga. Chini ya shikio la kushoto, ndani ya weusi, kulikuwa na mistari myembamba kama unywele. Niliacha shule mapema, na kusoma kwangu siku zile kulikuwa kwa kuburura, lakini jina lile halikunishinda. Lambert. Chini yake, Gustave.

Bienaimé akanitazama. Yeye huniita vieux, yaani mzee.

"Vieux, juu ya nini unalia? Ao karanga imekuingia mu macho?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akatafuna, akajikuna chini ya kofia. Akasema kulikuwa na shida. Bwana mmoja wa Etterbeek, mkusanyaji wa vikombe vya michezo ya zamani, alikuwa amepita, akakishika kwa leso kama mtu anayeokota yai, akaahidi kukirudia. Tena alimkataza Bienaimé asikioshe kamwe. Fedha ile, alisema, ni ngozi tu iliyopakwa juu, na ule weusi ndio umri wake.

"Ule muzungu alinikataza kabisa," alisema Bienaimé. "Asema, ukikisafisha umekiua. Donc mi nakichunga hivi hivi, na buchafu yake, na karanga yake."

Nikamwambia daktari amesema mzee wangu hatamaliza juma.

Mama mmoja alikuja kuulizia bei ya taa, Bienaimé akamwambia subiri, maman. Kisha akanigeukia.

"Bon. Muntu mwenye kufa hangojaka. Ule wa Etterbeek iko na zingine mingi ku nyumba yake. Beba. Lakini bule, hapana. Kintu cha mufu hakitolewaka bule, vieux, kinamufuata mwenye kukitoa. Utaniachia kintu, na kikuume roho. Kama hakikuumi, haina kazi."

Hiyo ndiyo sheria ya watu wanaofanya kazi ile, na Bienaimé hakuibuni yeye. Ukitoa bure kitu cha nyumba ya maiti, kifo kinahesabu kuwa wewe na yule maiti ni ndugu.

Mfukoni nilikuwa na redio ndogo ya mawimbi mafupi. Jioni ilikuwa inasoma majina ya waliopoteana kwa vita vya kwetu: fulani wa mahali fulani anamtafuta fulani, yu hai, yuko kambi fulani. Tangu nifike Ulaya sikuacha kuisikiliza. Nilikuwa nalala nayo sikioni, nikingoja waseme Sultani.

Bienaimé alijua. Alipoiona naitoa alirudi nyuma.

"Hapana, vieux. Hiyo hapana. Toa koti."

Nikamwambia koti haliniumi roho. Nikaiweka mezani, nikachukua kikombe, nikaondoka bila kugeuka. Nilihofia nikigeuka nitairudia.

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini furaha ilinizidi. Nilipanda moja kwa moja hadi chumbani kwa mzee, nikainama sikioni mwake, nikamwambia nimekipata. Nikamwambia nimeliona jina kwa macho yangu.

Alinishika kola. Sikujua bado ana nguvu zile. Alitaka kushika kikombe pale pale, lakini homa ilikuwa inamtikisa, na binti yake Yolande alikuwa amekwisha kumchoma sindano ya usingizi. Akasema ni kesho, baba akiamka na nguvu.

Yolande hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabia tu ya kuhesabu vijiko kila nilipotoka jikoni kwake. Alinifuata mpaka kwenye ngazi, akanisemesha kwa sauti ya chini.

"Radjabu, una hakika? Usimpe baba tumaini la uongo. Ukimdanganya sasa, hana tena muda wa kukusamehe."

Nikamwambia nina hakika kama ninavyolijua jina langu.

Nikashuka kwangu na kikombe ndani ya mfuko. Rukiya aliniuliza nimeleta nini. Nikamwambia ni kikombe cha mzee, nikakitundika nyuma ya mlango, nikaenda kutawadha.

Sikumwambia zaidi. Kumweleza kikombe kungekuwa kumweleza redio, na kumweleza redio kungekuwa kumwambia kwamba nimeacha kumtafuta Sultani. Rukiya ndiye aliyemlea Sultani tangu mama alipofariki. Mimi niliona heri ninyamaze siku moja, mbili, mpaka mzee apumzike, kisha nitafute maneno.

Asubuhi barafu ilikuwa imefunika njia. Watu wa komine, ile serikali ya mtaa, walikuwa wamemwaga mchanga mbele ya nyumba ili wapita njia wasianguke. Yolande akaniita juu, akanituma dawa. Duka la karibu halikuwa nayo, nikaenda la mbali, kule kulikuwa na foleni ya wazee wote wa Koekelberg, kila mmoja na kikohozi chake. Nilikaa huko muda mrefu.

Sasa nawaambia yaliyopita nyumbani nisipokuwepo, kama alivyokuja kunieleza mke wangu mwenyewe.

Rukiya tangu afike alikuwa kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha wageni. Kifaransa hakijui. Nje hatoki. Kwetu alikuwa mwanamke wa sauti, akicheka jirani wa nyumba ya tatu anacheka naye bila kujua sababu. Hapa alikuwa ananong'ona ndani ya nyumba yake. Kitu kimoja kilimkera kuliko baridi: tunakaa chini ya mgonjwa, juma baada ya juma, na yeye mke wa nyumba hajapanda hata siku moja kumpa pole. Kila akisema, mimi namwambia ngoja, Yolande hapendi watu wengi. Alinijibu siku moja kwamba Buyenzi, mwanamke wa namna hiyo hata maiti yake haisindikizwi.

Asubuhi ile akafungua ule mfuko. Akakuta chombo cheusi kama chungu cha mkaa. Nami nilikwisha kumwambia kwa mdomo wangu kwamba ni kikombe cha mzee.

Mnajua sheria ya kwetu. Chombo cha jirani hakirudi kwake kichafu, wala hakirudi kitupu. Kilikuja na mchuzi, kinarudi na ndizi. Kilikuja na vumbi, kinarudi kinang'aa. Wanawake wa Buyenzi huhukumiana kwa mgongo wa sufuria.

Rukiya akavaa koti langu la zamani, akatoka mbele ya nyumba, akachota ule mchanga wa komine kwa sahani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka peke yake. Akarudi, akakunja mikono ya gauni, akachukua ndimu na waya wa kusugulia sufuria, akaanza.

Mimi nilipofungua mlango, nilipokewa na harufu ya uji wa tangawizi. Mezani kulikuwa na kitu cha manjano, kinang'aa kama kimetoka dukani siku hiyo. Kilikuwa kimejaa uji hadi ukingoni, na juu yake ameweka kitambaa alichokifuma mwenyewe kambini.

"Baba Aïcha, kuja uone," alisema. "Kumbe ni ya dhahabu. Ule weusi ulikuwa kama umekula kiapo hautoki. Nimeusugua mpaka nimeushinda."

Vidole vyake vilikuwa vimevimba, vyekundu kwenye maungio. Alikuwa amesimama wima. Sijamwona amesimama hivyo tangu Bujumbura.

Nikaumimina uji kwenye bakuli, nusu ukamwagikia meza. Nikakipeleka kikombe dirishani. Fedha yote ilikuwa imeondoka, imebaki shaba ya chini. Nikatazama chini ya shikio la kushoto. Patupu. Laini kama ganda la yai. Nikageuza, nikatazama la kulia, kama mtu aliyepoteza ufunguo anavyotafuta hata mahali ambapo hajafika.

Nikakaa kitini.

"Kimetoboka?" Rukiya akaniuliza. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ile ya kunong'ona.

Wanaume wenzangu, mngesema nini? Huyu ni mwanamke aliyevuka maji na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, akafika ng'ambo na wa mgongoni tu. Kitu cha kwanza alichokifanya kwa mikono yake katika nchi hii ndicho hicho kilichokuwa mezani.

"Hakijatoboka," nikamwambia. "Umekisafisha vizuri."

Nilikuwa naanza kufikiri namna ya kukificha, niseme kimeibiwa, niseme Bienaimé amekitwaa, amempa yule wa Etterbeek. Mara Yolande akaita kutoka juu ya ngazi. Baba ameamka. Amekataa maji, amekataa dawa, anasema hatakunywa kitu mpaka nimletee.

Nikachukua kikombe. Rukiya akajifunga kitenge chake kizuri, akatwaa bakuli la uji, akanifuata. Nikamwambia abaki.

"Nibaki na nini?" alisema. "Chombo cha watu nimekiosha mimi, uji nimepika mimi. Leo unanizuia na nini?"

Tukapanda.

Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Alikuwa amenyolewa ndevu, na shingoni mwake, juu ya nguo za kulalia, alikuwa amefungwa tai. Aliiomba mwenyewe. Yolande alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, na kwa mara ya kwanza aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtu.

Nikakiweka kikombe mikononi mwa mzee.

Alikipima uzito kwanza. Kisha vidole vikapanda tumboni, vikamkuta yule mtu aliyeinama na fimbo yake. Mzee akacheka, cheko dogo la kooni.

"Huyu hapa," alisema. "Bado hajaanguka."

Vidole vikaenda kwenye mashikio. Vikashuka chini ya la kushoto, vikasimama. Vikapita tena. Vikahamia kulia, vikarudi kushoto. Alilowesha kidole kwa ulimi, akapapasa polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Nilisikia Rukiya anapumua nyuma yangu.

"Si chenyewe," mzee akasema.

Yolande akanitazama. Lile jicho la mwanzo lilikuwa limekwisha kuondoka.

Mzee akaeleza kwa utulivu, kama anayemfundisha mtu. Sonara alikuwa anatengeneza vikombe vya sura moja, kila mwaka kimoja. Hiki ni cha mwaka mwingine, cha timu nyingine. Mtu wa fimbo yumo, Lambert hayumo. Kisha akageuza macho yake ya ukungu kuelekea mahali aliposikia nasimama.

"Radjabu. Uliniambia umeliona jina. Uliliona?"

Ndugu wasomaji, nililiona. Nalijua hata sasa. L yake ilikuwa imeinama kama yule mchezaji.

Lakini nilifikiri hivi. Nikisema ndiyo, itanibidi kusema limekwenda wapi. Itanibidi kumwambia kwamba kaka yake alistahimili Wajerumani, alistahimili waporaji, alistahimili miaka yote ndani ya ndoo ya makaa na chini ya karanga za Bienaimé, akaja kufia asubuhi ya leo, chini ya kitanda hiki, kwenye karo la kuoshea vyombo la mke wangu. Nikisema hapana, mimi nitakuwa mwongo, lakini Lambert atabaki mahali, kwenye dari ya mtu, anangoja.

Mimi nimeishi kwa hiyo "mahali" tangu nimpoteze Sultani. Najua inavyoshikilia roho ya mtu.

"Sikuliona, Monsieur Gustave," nikasema. "Nilitaka kukufurahisha."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Umenidanganya mimi," alisema, "na hali unaona nilivyo."

Akakisukuma kikombe kwa mgongo wa mkono, kikabingirika kwenye blanketi. Nikakidaka. Mzee akavuta pumzi mara kadhaa.

"Basi bado kipo mahali."

"Bado kipo," nikasema.

"Kitafute. Na usije tena mbele yangu mpaka umekipata."

Akageukia ukuta. Yule mtu niliyemwogesha kila siku, niliyemjua kila kovu la mwili, alinipa mgongo kwa kujitahidi, mwenyewe, bila kusaidiwa.

Rukiya akanigusa.

"Anasema nini?"

"Anasema asante."

"Mbona amegeuka?"

"Amechoka."

Akasogea, akaliweka bakuli karibu na mto, akapiga goti kidogo kama afanyavyo kwa wakubwa, akamwambia pole mzee, Mungu akuvushe. Mzee hakujua maneno, lakini alinyanyua vidole viwili kutoka kwenye shuka, akavishusha. Rukiya akaridhika.

Yolande akatutoa nje, akaurudisha mlango nyuma yetu. Pale kwenye ujia kuna dirisha refu linaloelekea Basilika, na mwanga wa theluji ulikuwa unaingia mweupe, unaumiza macho. Alizungumza bila kupaza sauti. Alisema alinionya. Alisema baba yake anaondoka duniani na jambo la mwisho alilopewa ni uongo wangu. Alisema akishazikwa, vyumba vya chini tutaviacha. Kisha akaona hata hilo ni kusubiri sana, akasema heri tuanze kutafuta pa kwenda sasa.

Nikasema oui, Madame. Nilikuwa naitazama theluji.

Akaninyang'anya kikombe. Sijui alitaka kukitupa au alitaka nini. Alikinyanyua, akawa anakigeuza kwa hasira kwenye mwanga, na mara mikono yake ikaacha kugeuza.

Akakisogeza karibu na macho.

Pale shikio la kushoto linapoungana na tumbo la kikombe kuna ufa mwembamba, kona ambayo waya haukuingia. Mimi sikuuona chini, macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Vidole vya mzee vilikuwa vinene kwa kona ile. Ndani yake kulikuwa kumebaki fedha kidogo nyeusi, na juu ya fedha hiyo, mkia wa neno. Herufi r, na t.

Yolande aliingiza ukucha, akakwangua. Chembe za mchanga zikamwangukia kiganjani. Alizitazama. Akatazama dirishani, chini, mahali ambapo mchanga wa komine ulikuwa umechotwa ukaacha shimo kwenye barafu.

Aliponigeukia, uso wake ulikuwa umebadilika. Sikuweza kuusoma.

"Kwa nini umemwambia hukuliona?"

Nikamtupia jicho Rukiya.

Yolande akaweka kidole kwenye shaba iliyong'aa. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema. "Ni mimi, Madame. Nilikiosha."

Rukiya Kifaransa hajui. Aliona tu mwenye nyumba amekishika kikombe kwenye mwanga, anakionyesha kwa kidole, anauliza. Akaona mimi nimejipiga kifua. Akanitazama kama mtu anayemwibia sifa. Kisha akatabasamu, tabasamu la Buyenzi lenyewe, ambalo sikuwa nimeliona tangu ateremke kwenye treni pale Gare du Midi. Akapita mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, na vile vidole vilivyovimba.

"Ni mimi, maman," alisema. "Nimekisugua tangu asubuhi."

Hapo hapakuhitajika mkalimani. Yolande aliitazama mikono ile. Akanitazama mimi.

Kutoka chumbani ikaja sauti ya mzee, nyembamba, lakini kila neno lilisikika.

"Yolande. Mmeona nini kwenye kikombe?"

Masikio yake hayakuwa na ukungu. Yolande akakikumbatia kikombe kifuani, akaweka mkono kwenye kitasa. Nikatikisa kichwa kumwomba asiende kumwambia. Sijui alinielewa au hakutaka kunielewa.

Rukiya akanivuta shati.

"Mwambie," alisema, "kama wana vyombo vingine vyeusi, alete. Nitavisafisha vyote."

Yolande akausukuma mlango, akaingia.